Samaki Mmoja Akijeruhiwa

Hakuna methali ya bahari iliyotumiwa kuwaziba watu vinywa kama ile isemayo kuwa samaki mmoja akioza, wameoza wote. Husemwa barazani, husemwa mikutanini, hutiwa vina ikaingia katika mashairi ya mawaidha. Na aghalabu husemwa wakati ule ule ambapo mtu mmoja amesimama kulalamika. Kijana akisema amedhulumiwa, huambiwa asiwaoze wenzake. Mke akionesha alama ya kipigo, jamaa hukimbilia kuifunika kabla habari haijavuka ua. Wenye methali yao hawaulizi kama huyo aliyesimama ameoza au ameumizwa. Kwao mambo mawili hayo ni jambo moja, na dawa yake ni moja: atolewe, wengine wasalimike.

Methali hiyo ni kweli tupu pale ilipozaliwa, nayo ilizaliwa pakachani. Samaki waliokwisha kufa, wakabanwa pamoja na kusahauliwa juani, huoza kwa kuambukizana, na mchuuzi asiyewahi kumtoa yule wa kwanza hurudi nyumbani na hasara. Lakini pakacha si mwamba. Chini ya maji, kwa samaki walio hai, mambo huenda kinyume kabisa: ajeruhiwapo mmoja, harufu ya jeraha lake ndiyo inayowaokoa wengine. Washairi waliorithi methali ya pakachani wakaitosa baharini wamemsingizia samaki jambo asilolijua, na kwa singizio hilo wamewanyima wasomaji wao funzo ambalo bahari imekuwa ikilisomesha kabla ya mtu yeyote kuunda dau.

Wala singizio hilo si la kwanza. Katika ushairi wa mwambao samaki amebebeshwa sifa tatu, na zote tatu zinampotoa. Ya kwanza ni ububu: bahari haisemi, na samaki ni mkaazi wake asiye na neno. Ya pili ni upumbavu: humeza ndoana kwa tamaa, basi akafanywa mfano wa mpenzi aliyenaswa. Ya tatu ni woga: dagaa akimbiaye kivuli, mfano wa wanaume wasio na moyo. Bahari yenyewe imegeuzwa kioo cha kutazamia uso wa mpendwa. Ina lulu, ina mbalamwezi, ina wimbi lipandalo na kushuka kama kifua cha mwenye huba. Yote hayo ni mambo ya jicho, tena jicho la mtu aliyekaa ufukoni na nguo kavu. Pua haimo katika bahari hiyo, ilhali kwa wakaazi wake mwamba ni mji unaoishi kwa kunusa.

Jambo hili halikujulikana jana. Mnamo mwaka 1938 Karl von Frisch, mtaalamu wa wanyama mzaliwa wa Vienna, alieleza aliyoyaona kwa samaki wadogo wa maji baridi ya Ulaya. Samaki mmoja alijeruhiwa. Aliporudi kwa kundi lake, kundi zima lilishtuka, likatawanyika, likajificha. Adui hakuwapo, wala sauti haikusikika. Von Frisch akajaribu tena kwa maji yaliyolowekwa ngozi ya samaki wa jamii ile ile iliyokatwakatwa, na hofu ikawa ile ile. Akakiita kitu hicho kwa Kijerumani Schreckstoff, maana yake kitu cha kutia hofu. Wengi humjua bwana huyu kwa habari za nyuki wanaoelezana kwa kucheza mahali palipo na maua, kazi iliyomfanya ashirikiane na wenzake wawili kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Lakini habari ya samaki aliyejeruhiwa ina uzito usiopungua ile ya nyuki, na kwa watu wa visiwani ingestahili kutangulia.

Ipo sababu ya kuuita ujumbe huo mkweli. Katika samaki wa jamii aliyoichunguza von Frisch, tabaka la juu la ngozi lina seli maalumu zisizo na tundu la kutokea nje. Samaki hawezi kuzifungua kwa hiari yake, akitaka au asitake. Hufunguka pale tu meno yanapoipasua ngozi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 walitoa hoja kuwa seli hizo huenda hazikuwekwa hata kidogo kwa ajili ya kuwaonya wengine, bali kwa kumkinga mwenyewe na vimelea, maradhi na mionzi mikali ya jua. Kwa maneno mengine, aliyejeruhiwa hapigi mbiu. Yeye amepasuka tu. Walio karibu ndio waliojifunza, kwa vizazi visivyo na hesabu, kuisoma ngozi iliyopasuka. Sifa hununuliwa, na mashairi ya sifa yamejaa katika kila zama kwa wenye kulipa. Jeraha halina mnunuzi. Ndiyo maana mwambani linaaminiwa.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya mito ya Ulaya, na kuwa samaki wa chumvi ana mila yake. Na wajibiwe kwa samaki wa chumvi. Kwenye Kisiwa cha Lizard, katika Mwamba Mkuu wa Australia, watafiti kama Mark McCormick, Maud Ferrari na Douglas Chivers wametumia miaka mingi kuwachunguza samaki wadogo wa jamii ya Pomacentridae, wale wenye rangi za manjano na buluu wanaocheza baina ya matawi ya matumbawe, na ambao jamaa zao wamo tele katika miamba ya Afrika Mashariki. Yeyote aliyepiga mbizi maji yalipotakata amewaona. Maisha ya samaki hawa ni kisa tosha. Mayai hugandishwa juu ya mwamba, na baba huyalinda. Vitoto vikianguliwa huchukuliwa na mkondo hadi bahari kuu, vikaishi huko kiasi cha wiki mbili au tatu, vidogo mno, vyenye mwili wa kupenya mwanga. Kisha hurudi mwambani, aghalabu usiku, kutafuta makaazi. Hurudi kama mgeni ashukaye bandarini usiku asimjue mwizi wala mwenyeji. Wengi huliwa katika siku mbili za mwanzo.

Aliyesalia amesalia kwa sababu amejifunza, na shule yake ni pua. Akiipata harufu asiyoijua, haimshtui. Lakini harufu hiyo ikimjia pamoja na harufu ya jeraha la mwenzake, mara moja tu, huifunga moyoni: mwenye harufu hii huua. Tangu siku hiyo akiinusa hata pasipo jeraha, huacha kula, hupunguza mwendo, husogea karibu na tundu lake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, samaki wachanga wa aina mojawapo walitiliwa mchanganyiko wa harufu za walaji kadhaa pamoja na harufu ya ngozi iliyojeruhiwa. Somo moja liliwatosha. Baadaye walimtambua kila mlaji peke yake, wala hawakumhofu samaki ambaye harufu yake haikuwamo katika somo. Na mwaka 2015 ilielezwa kuwa hata walio ndani ya mayai, katika jamii ya samaki waishio baina ya mikono ya anemoni, mapigo ya moyo wao hubadilika harufu ya jeraha inapoingia majini. Hajaangua, na tayari anasikiliza habari za mtaani.

Msomaji na alinganishe sasa. Mwambani jeraha la mmoja ni mtaala wa wote. Barazani jeraha la mmoja ni aibu ya wote, nayo husetiriwa mpaka limpate wa pili na wa tatu, kila mmoja akidhani yu peke yake. Waswahili hawakukosa methali ya kuwasuta wasetiri hao. Walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hiyo ndiyo methali ya mwamba, japokuwa ilitungwa chini ya kisu cha kinyozi. Na ajabu ni kuwa katika mashairi ya mawaidha ile ya kuoza hupigiwa ngoma, na hii ya kunyolewa huachiwa watoto wa skuli kujazia nafasi zilizoachwa wazi.

Kuna mkasa mwingine ambao mtunzi wa hadithi angeona ni wa kubuni. Mwaka 1993 Alicia Mathis na Jan Smith walionesha kuwa samaki mmoja mlaji wa maji baridi ya Kaskazini, akisha kuwala samaki wadogo wenye zile seli za ngozi, hubeba harufu yao. Wadogo wasiopata kumwona maishani walimkimbia kwa kuwanusa ndugu zao ndani yake. Alipolishwa samaki wa jamii nyingine isiyo na seli hizo, hawakumjali. Aliyeliwa anaendelea kushuhudia akiwa tumboni mwa aliyemla. Washairi wangapi wameandika juu ya dhalimu na damu isiyofutika mikononi, wakaazima taswira hiyo kutoka tamthilia za Ulaya, na hali bahari iliyo mlangoni mwao imeficha taswira kali kuliko hiyo, tena ya kweli?

Inabaki habari ya woga. Ushairi wa kishujaa umemfanya mwoga kuwa mtu duni, na samaki mdogo akakusanywa humo humo. Lakini mwenye kumdharau samaki ajifichaye hajahesabu gharama anayolipa. Kila dakika aliyojibanza tunduni ni dakika asiyokula. Akijificha mno hudumaa, na aliyedumaa huwa chakula chepesi kesho. Akijificha kidogo mno huliwa leo. Kwa hiyo hofu yake haiwezi kuwa ya ovyo. Lazima ipimwe, ielekezwe kwa adui wa kweli, katika saa ya kweli, na iachwe mara hatari ipitapo. Hiyo ni elimu, wala haina jina jingine. Wazee walilijua jambo hili waliposema kuwa kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mwenye kuifahamu methali hiyo vyema haisomi kama kejeli kwa mwoga. Ni kauli ya watu waliozika mashujaa wengi.

Hapa husimama watu wa hoja mbili, na hoja zote mbili zina sauti kubwa katika kurasa za fasihi.

Wa kwanza husema kuwa mshairi si mtaalamu wa viumbe, na kuwa sitiari haidaiwi ushahidi. Hoja hii inapendeza mpaka itiwe katika mizani ya mapokeo yenyewe. Katika mwambao huu, nani angethubutu kusimama mbele ya wasikilizaji akaliingiza jahazi kutoka Maskati kwa upepo wa kusi? Angechekwa kabla hajaufika mstari wa pili. Kila mtu alijua kuwa kaskazi huleta na kusi hurejesha. Watunzi wa zamani walizijua nyota, nyakati za bamvua na maji mafu, majina ya sehemu za chombo toka omo hadi tezi, na ujuzi huo haukuwapunguzia uzuri wa kauli hata chembe. Ndio uliowapa haki ya kusema. Ushairi uliokuwa mkweli juu ya maji umekuwa mwongo chini ya maji kwa sababu moja tu: msikilizaji wa leo hawezi kumcheka mshairi kwa jambo ambalo wote wawili hawalijui. Kutojua kwa pamoja si uhuru wa kisanaa.

Wa pili husema kuwa Kiswahili hakina maneno ya elimu hiyo. Huo ni uvivu uliovaa joho. Lugha hii ina shombo na vumba kwa harufu ya samaki peke yake. Ina uvundo na ina riha. Inatenganisha kunuka na kunukia kwa silabi moja, jambo ambalo lugha nyingi kubwa haziliwezi ila kwa maneno mawili matatu. Ina kunusa kwa mwenye pua. Tatizo halimo katika lugha. Limo kwa wafasiri wanaoiogopa. Wakikutana na habari hii huandika "viashiria vya kikemikali vya hatari ya kuwindwa", na msomaji husinzia kabla ya samaki hajaliwa. Neno kemikali si kosa, lakini sikio la Mswahili hulisikia pamoja na sumu, mbolea na pipa lenye picha ya fuvu. Mtu akiambiwa kuna kemikali mwambani, atauliza ni nani aliyezimwaga. Na aseme mfasiri harufu ya jeraha na harufu ya adui, atakuwa amesema yote, na mvuvi atamwelewa kabla ya profesa. Wala asichelee kusema harufu kwa kitu kilicho majini. Samaki ana matundu ya pua, na hayatumii kuvuta pumzi. Maji huingia kwa tundu moja na kutokea kwa jingine, yakipita juu ya mikunjo ya ndani ambayo kazi yake yote ni kunusa. Kama mwenye pua ya namna hiyo hanusi, basi ni nani anusaye?

Ila pana hadhari ambayo lazima isemwe, tena kwa wapenzi wa bahari wenyewe, kwa kuwa shauku nayo hupofusha. Kati ya mwaka 2009 na 2010 zilichapishwa makala zilizodai kuwa bahari ikizidi kuwa na asidi kwa sababu ya hewa ya ukaa, samaki wa mwambani watapoteza akili ya pua. Kwamba vitoto vya samaki wa anemoni, vikikuzwa katika maji ya namna hiyo, viliifuata harufu ya adui badala ya kuikimbia. Ilikuwa habari ya kutisha na nzuri kusimulia, na dunia iliisimulia. Mwaka 2020 kundi jingine la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi ya miaka mitatu, juu ya zaidi ya samaki 900 wa aina 6, na halikuiona athari hiyo. Mwaka 2022 uchambuzi wa tafiti 91 ulionesha kuwa athari zilizotangazwa mwanzoni zilikuwa kubwa mno, kisha zikayeyuka mwaka hadi mwaka hadi zikakaribia sifuri. Mwaka huo huo jarida la Science liliifuta makala ya mwaka 2014 kuhusu samaki na matumbawe wachanga kuvutwa na harufu ya mwamba wenye afya.

Wapo waliofurahia anguko hilo, wakalifanya hoja ya kuwa habari zote za bahari kuharibika ni ngano za Wazungu. Furaha yao haina msingi. Makala iliyoanguka iliangushwa na watafiti waliorudia kazi kwa subira, wakauweka ukweli juu ya urafiki. Na joto linaloua matumbawe halikufutwa na jarida lolote. Lakini wapo pia wale wa upande wa pili, wanaoendelea kukisimulia kisa cha samaki anayemfuata adui kwa kuwa ni kisa kinacholiza watu. Hao ndio wenye hatari zaidi kwa ushairi. Mwambani, samaki anayeshtuka kwa kila harufu hudumaa na kufa. Mwenye kuwaonya watu kwa habari asiyoihakiki huwafundisha kutoshtuka siku ya habari ya kweli.

Na habari ya kweli ipo. Ili harufu ya jeraha imfikie jirani, na imwambie kitu, yatakiwa mambo ambayo hakuna samaki anayeweza kuyatengeneza: tumbawe lililo hai, na maji yasiyo na ghasia. Mwaka 2017 Ferrari, McCormick na wenzao walichapisha jaribio juu ya samaki wa aina mbili zilizo jamaa wa karibu. Katika maji yaliyopita juu ya matumbawe hai, wote walishtuka kwa harufu ya jeraha. Katika maji yaliyopita juu ya matumbawe yaliyokufa na kuota mwani, aina moja iliendelea kushtuka. Nyingine, ile iitwayo Pomacentrus amboinensis, haikushtuka kamwe. Harufu ilitiwa ile ile, pua zilikuwa zile zile, maji ndiyo yaliyobadilika. Mwaka 2018 ikaja nyingine: samaki wachanga waliofundishwa harufu ya adui huku mashine za boti zikinguruma karibu yao hawakulishika somo, na walipoachiliwa mwambani walipotea kwa wingi kuliko wenzao waliofundishwa katika utulivu. Matokeo haya nayo na yarudiwe, yapimwe na wengine, kama yalivyopimwa yale ya asidi. Ila mwenye kungoja mpaka kila shaka iishe ndipo aache kuvunja matumbawe, huyo haulizi ukweli. Anatafuta muda wa kuvunja.

Katika Bahari ya Hindi ya magharibi matumbawe yamekuwa yakifa mbele ya macho. Joto la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua kwa wingi, na mwambao wa Afrika Mashariki haukusalimika. Likarudi mwaka 2016. Likarudi tena katika wimbi lililotangazwa duniani kote mwezi wa Aprili 2024. Juu ya hilo limo juya likokotwalo juu ya matumbawe likayavunja kama vigae, na imo baruti, ambayo humuua samaki pamoja na nyumba yake. Kosa la joto si la mvuvi wa ngalawa. Hakulifanya, naye ndiye wa kwanza kulilipa. Wala mvuvi wa mshipi hastahili kuwekwa kizimbani pamoja na wenye baruti, kwani yeye ndiye mtu wa nchi kavu anayeijua pua ya samaki. Chambo chake ni barua iliyoandikiwa pua hiyo. Pia si kweli kuwa hakuna la kufanywa. Mwamba wa Chumbe, mwendo mfupi wa bahari kusini ya mji wa Unguja, umehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1994, na samaki wake hawakuhifadhiwa kwa mashairi peke yake.

Lakini mashairi yana lao. Mgeni akipelekwa juu ya mwamba uliokufa, huona maji matulivu na samaki wachache wanaoogelea pasi na wasiwasi, naye huandika kuwa kuna amani. Mshairi wa ufukoni, asiyejua, humwandikia wimbo wa amani hiyo. Na kumbe huko chini mmoja anakamatwa, ngozi yake inapasuka, harufu inatoka, inapita juu ya mawe yenye mwani, na wenzake walio umbali wa pima moja wanaendelea kula. Hawajawa mashujaa. Wamekatiwa habari. Utulivu wa namna hiyo unajulikana vyema pia katika nchi kavu: ni utulivu wa mtaa ambao aliyeumizwa amekwisha nyamazishwa kwa methali, na majirani wanakula futari yao kwa raha wakisubiri zamu wasiyoijua.

Basi wenye kalamu na waiache methali ya pakachani ikae pakachani, isemwe na wachuuzi, kwa samaki waliokufa. Mwenye kuitumia kwa watu walio hai aulizwe hadharani, barazani pale pale, ni nani hasa aliyeoza, na ni nani aliyejeruhiwa. Na mshairi atakayemtia tena samaki katika ubeti kwanza ashuke majini, au amuulize aliyeshuka. Aandike juu ya mkunga aliyejificha na juu ya chewa asubiriye chini ya jiwe, lakini amwandike pia yule mdogo aliyeingia mwambani usiku, asiyemjua mtu, akapona kwa kuwa jeraha la asiyemjua lilimfikia kabla ya meno. Alipona kwa sababu hakuna aliyelifunika.